Usitume Trekta

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, wewe na wenzako wote wa barabarani. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba siku hizi unakula kitu kabla ya kuingia kazini, si kumeza chai kavu na kupanda greda kama ulivyozoea. Mimi sijambo. Baba mdogo naye hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi, na amenisisitizia nisisahau salamu zake. Hata yule kuku mwekundu uliyemwacha kifaranga anakusalimu. Anataga ndani ya kikapu changu cha nguo zilizokwisha kupigwa pasi, na nikimfukuza ananitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Kwa hiyo tuko wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma huko chini.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nimejaribu simu, kaka, si mara moja. Nikikupigia unaanza kucheka kabla sijamaliza kukuamkia, greda linanguruma nyuma yako, na mimi naishia kukuambia kwamba joto limezidi na wateja wananizungusha. Maneno haya yanataka mtu aketi. Leo nimefunika cherehani, nimefunga mlango wa kibarazani ili watu wadhani nimetoka, nikapiga moyo konde. Na wewe tafadhali yasome umeketi, tena peke yako.

Baba mdogo ameniambia kwamba ulimpigia wiki iliyopita. Alifurahi hadi goti likasahaulika. Anasema umekwisha kuzungumza na mwenye trekta, na kwamba kabla ya mvua litakuja kulima shamba la baba lote, kama mwaka jana, ili kumbukumbu ya marehemu isikae kwenye takataka. Ndivyo ulivyomwambia, isikae kwenye takataka. Basi mimi nimekuandikia kukuomba jambo moja tu: usitume trekta. Kama utachoka kusoma, shika hilo. Lakini nakufahamu, utataka sababu, na bila sababu utanifokea, kwa hiyo bora nikueleze yote tangu mwanzo.

Wewe uliondoka nyumbani shamba likiwa bado na korongo. Unalikumbuka? Tulikuwa tukiteleza ndani yake juu ya vipande vya boksi, na mama akitufokea kutoka juu. Siku zile baba alilima kama kila mtu wa mteremko huu. Alifyeka, akakusanya mabua, akachoma, na ardhi ikabaki nyeupe inapendeza macho. Kisha mvua ikija inashuka na udongo wetu hadi mtoni, na korongo linaongezeka mdomo. Mwaka ule mama alipotutoka, mahindi yalibeba magunzi matupu. Baba alivuna kikapu, akakiweka jikoni, akakaa kukitazama.

Hapo ndipo yule bibi shamba alipoanza kupita na pikipiki yake. Alikuwa msichana mdogo, sauti nyembamba, na alimwambia baba kwamba udongo una uhai na yeye anauvua nguo kila mwaka kisha anashangaa unaugua. Baba alimcheka. Alimwambia hajaona udongo unaovaa suruali. Lakini yule msichana alipoondoka, baba alikwenda shambani akachukua jembe, akachimba, akatafuta nyungunyungu hata mmoja, akamkosa.

Usidhani alijua yote kwa siku moja, maana watu wakifa tunawatia chumvi. Mara ya kwanza alimwaga samadi mbichi, moto moto kutoka zizini, na maharage yote yakaungua. Yule bibi shamba alipokuja kukagua, baba alijifungia chooni na kunituma niseme amesafiri, huku kikohozi chake kikisikika waziwazi. Polepole akashika. Alichimba makinga maji, yale matuta marefu yanayokata mteremko ili maji yasishuke mbio, na juu yake akapanda majani yenye mizizi mirefu. Katikati ya mahindi akapanda fiwi, yale maharage yanayotambaa, ili ardhi isikae wazi. Mabua hakuchoma tena, aliyalaza chini yakawa matandazo. Na alipoona mabua hayatoshi, akaanza kuomba.

Aliomba kila mahali bila aibu. Alichukua pumba za kuoza kwenye mashine ya kusaga, majani yaliyofagiwa shuleni, maranda kwa fundi seremala. Jioni aliinama chini ya cherehani yangu kuokota vipande vya vitambaa, anavichambua kwa vidole, pamba huku, nailoni kule, kisha vya pamba anakwenda kuvizika kwenye shimo la mboji. Nilimwuliza kama ardhi nayo inataka kushonewa gauni. Akanijibu kwamba inaonekana nimeanza kuelewa. Watu wakambandika jina la Mzee Takataka, na yeye akaliitika kama jina alilopewa na wazazi wake. Korongo likafungwa kwa mawe na matawi, likajaa udongo mwaka baada ya mwaka, hadi siku moja akapanda viazi palepale tulipokuwa tunateleza. Akaniita nije nione. Nilikuwa na nguo ya bibi harusi mkononi, nikaenda nayo hivyohivyo.

Haya wewe hukuyaona, na si kosa lako. Likizo zako zilikuja kiangazi, zikakuta mabua yamelala kila mahali na shamba limekaa kama jalala. Nakumbuka ulivyosimama ukingoni umeshika kiuno. Uliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba amezeeka, nguvu zimekwisha, na kwamba unaona aibu majirani wakidhani mtoto wake wa kiume hamjali. Nilikueleza, lakini nilieleza huku nacheka, nawe ulicheka pia, tukaingia kula. Kazi yako ni kusafisha ardhi na kuilainisha, na mtu huona dunia kwa jicho la kazi yake.

Kisha baba akaanguka. Unajua upande wa kulia ulikufa wote, na katika maneno yake yote likabaki moja, "sawa". Pale hospitali nililala chini ya kitanda chake, na nikajifunza hilo neno lilivyo na vyumba vingi. Ilikuwepo sawa ya uji umepoa, sawa ya nigeuzeni, na sawa aliyomwambia muuguzi aliyemdunga vibaya, ambayo kama muuguzi angeielewa angeomba uhamisho. Mimi niliisikia kila moja na kujua ni ipi. Wewe ulikuwa unaisikia kwa simu tu, na kwa simu zote zinafanana.

Ndipo ulipopata wazo lako jema. Ulimpigia baba mdogo ukamwambia baba atatoka hospitali msimu wa kilimo, hataweza kushika jembe, na wewe unataka akute kila kitu tayari. Ukamwambia iwe siri, hata mimi nisijue. Baba mdogo akawaita majirani, nao wakaja wote, kaka, hata wale ambao hatukusalimiana nao vizuri. Walikuja na mareki na mapanga yao. Walifyeka majani ya kwenye matuta, wakakokota matandazo yote, yaliyokauka na yaliyokwisha kuwa meusi na laini, wakayarundika katikati ya shamba na kuyachoma. Mke wa seremala aliniambia moto uliwaka hadi siku ya pili. Trekta lilipokuja, dereva alisema akilima kwa kukata mteremko litapinduka, na makinga maji yanamzuia njia. Basi wakayavunja ili apite, naye akalima kutoka juu hadi chini, juu hadi chini, mistari imenyooka. Kona moja tu ilimshinda, ile ya kwenye jiwe kubwa, kwa sababu trekta halikuweza kugeuka. Walimwomba baba mdogo radhi kwa ile kona iliyobaki chafu.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Nimemtafuta nimlaumu, nimemkosa, na ndiyo maana imenishinda kuisema. Wote walimpenda baba. Walifikiri wanamwogesha mgonjwa.

Siku ya kumrudisha nyumbani unaikumbuka, maana umeisimulia mara nyingi kuliko mimi niliyekuwepo. Baba mdogo alimwambia dereva wa teksi asimame kwanza shambani. Majirani walikuwa wamejipanga ukingoni, wakapiga makofi. Tukamtoa baba, tukamketisha kwenye kiti, akatazama. Machozi yakaanza kumtoka. Baba mdogo hapohapo akakupigia, akaweka sauti ya juu, akapaza sauti kwamba mzee analia kwa furaha. Nawe ukauliza kama amelipenda shamba, na baba akasema, "Sawa." Tulikusikia ukipiga kelele huko kambini na wenzako wakikushangilia. Hiyo ndiyo habari unayoijua.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja alasiri, siku chache baadaye, na mbegu ulizonunua zilikuwa zimekwisha kupandwa. Wewe ni mtu wa barabara, kaka, sina haja ya kukufundisha maji yanafanya nini mahali palipochongwa kutoka juu hadi chini bila mtaro wa kuyapunguza kasi. Ile mistari iliyonyooka iligeuka mifereji. Nilisimama ukingoni na mwavuli usionisaidia kitu, nikaona udongo wa baba ukipita miguuni pangu, mweusi, ule aliouumba kwa pumba na maranda na vitambaa vyangu. Sijui miaka mingapi ilipita pale kwa saa moja. Korongo lilifunguka palepale lilipokuwa. Niliporudi ndani, baba aliniangalia miguu iliyojaa tope, kisha akageuza uso ukutani.

Halafu mvua ikakata. Mwaka jana ilikata kwa kila mtu, hilo ni kweli, wala sikukudanganya niliposema hali ya hewa imebadilika. Lakini ardhi iliyobaki ilikuwa imeshikana juu kama sahani, haina kivuli wala unyevu, na mahindi yalinyauka yakiwa kimo cha goti. Kona ya kwenye jiwe tu, ile chafu, ilibaki na matandazo yake. Pale mahindi yalisimama na kubeba. Watu walikuja kuyatazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

Baba hakufika mavuno. Ulikuja kumzika, ukaliona korongo, ukasema mvua za siku hizi zina ukatili. Kisha ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema kwamba unajutia mengi, kwamba ulikaa mbali mno, lakini kuna jambo moja linalokutuliza: kabla hajafa ulimpa baba zawadi iliyomliza kwa furaha. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikauma kitambaa changu cha kichwa hadi nikakitoboa.

Kaka, haikuwa furaha.

Nisamehe. Nimeizunguka sentensi hiyo tangu asubuhi, na sasa nimeiandika haina namna ya kufutika. Nilikuwa nimeshika bega lake. Alianza kutetemeka kabla kiti hakijatulia chini. Alitazama mahali yalipokuwa makinga maji, moja baada ya jingine, akihesabu kwa macho, na kila alipofika palipo tupu alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nilifikiri anapata kiharusi cha pili. Akanyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea kwenye majivu. Ndipo sauti yako ikatoka kwenye simu, ukiwa na furaha ya mtoto, ukimwuliza kama amelipenda.

Mimi nilifungua mdomo. Nilisema, "Kaka," na nilikuwa nataka kukuambia hapohapo mbele ya watu wote. Baba akanikamata kifundo cha mkono. Hukuwahi kuujua ule mkono wa kushoto ulivyokuwa na nguvu baada ya mwenzake kufa. Alinibana hadi nikanyamaza kwa maumivu, akanitazama usoni huku machozi yanamtoka, akatikisa kichwa. Kisha akainama kwenye simu, akakusanya midomo yake kwa shida, akakupa ile sawa uliyoisikia. Ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kusema. Nazijua zote, nimekwambia. Ile ilikuwa ya mzazi anayemwambia mtoto asilie.

Kwa hiyo alinikataza, na mimi leo nimevunja amri yake. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile, na kama ungeliacha shamba lilivyo ningelikaa nalo hadi niingie kaburini, ukabaki na faraja yako. Lakini trekta likija tena litamaliza kilichobaki, na litageuza hata ile kona, maana baba mdogo amekwisha kuwatafuta vijana wa kulivunja lile jiwe ili mara hii kazi ikamilike vizuri. Nimeshindwa kuchagua kati ya alichokipenda baba na aliyempenda baba. Yeye mwenyewe hakushindwa. Siku ile, kati ya shamba na wewe, alikuchagua wewe, na hakuhitaji hata kufikiri. Ukilia kwa sababu ya barua hii, lia na kwa hilo pia.

Baada ya maziko nilipogeuza godoro lake nilikuta mfuko. Ndani mlikuwa na vipande vya vitambaa, pamba tupu, hakuna uzi hata mmoja wa nailoni. Kumbe kila nilipotoka kwenda kupeleka nguo kwa wateja, alikuwa akivikusanya vilivyoruka hadi kitandani kwake kando ya cherehani, akivichambua kwa mkono mmoja. Nilikwenda nikavizika juu ya shamba, pale lilipoanzia tuta la kwanza. Nililia hadi mke wa seremala akaja kunichukua.

Sasa nimeanza. Asubuhi kabla ya kushona nachota udongo wa kwenye kona kwa karai, nautandaza sehemu niliyokwisha kuifunika kwa matandazo, kwa sababu yule bibi shamba, ambaye siku hizi ana miwani na watoto watatu, ameniambia wadudu wadogo waliomo kwenye udongo huo watatembea wenyewe wakikuta pa kukaa. Juzi nilikuta nyungunyungu mmoja hatua chache nje ya kona. Nilimwita baba mdogo aje amwone. Alikuja akichechemea, akatazama, akaniuliza kwa upole kama ninalala vizuri. Yeye bado hajui ninayokuandikia, na nakuomba asijue. Uzee wake hautayabeba. Mwambie tu kwamba wewe na mwenye trekta hamkuelewana, na kwamba lile jiwe liachwe.

Na wewe, badala ya trekta, njoo. Usije na zawadi. Njoo na mikono yako na magunia matupu, maana pumba za kwenye mashine zinanishinda kubeba, na matuta yanataka mtu anayejua maji yanapita wapi. Wewe unajua, kaka. Umeifanya kazi hiyo kwenye barabara za watu tangu ujana wako. Tuta la kwanza sijaanza kulijenga upya hata kwa jembe moja. Nimekuwekea wewe ulianze.

Wasalimu wenzako kambini, na yule mpishi wenu anayekulazimisha kula mwambie namshukuru. Baba mdogo anasema uvae kitu kizito asubuhi. Kuku hasemi kitu, analalia mayai kwenye mashati ya mwalimu mkuu. Usiponijibu nitaelewa, lakini nijibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye tangu juzi kwenye mashine ya kusaga wananiita Binti Takataka, nami nimeitika.